Mvua Chini ya Bati la Mzee Sefania

Mwaka ule sisi wa Shighatini tulikuwa na mvua tatu: ya vuli, ya masika na ya nyumbani kwetu. Ya vuli ilichelewa, ya masika ilipitiliza, lakini ya nyumbani kwetu haikukosa hata siku moja. Ilianza majogoo wakiwika, ikadondoka kitandani, mezani, kwenye kalenda ya ushirika wa kahawa na kwenye upara wa baba, kisha ikakatika jua likishapanda. Wakati huo nje kukavu kabisa, kuku wanachakura vumbi.

Baba yangu, Mzee Sefania, ndiye aliyekuwa wa kwanza kilimani kwetu kuezeka bati. Misimu miwili mizuri ya kahawa ilimpa maringo ambayo paa la nyasi lisingeweza kuyabeba. Mabati yalinunuliwa Same, yakapandishwa mlimani vichwani mwa watu, na siku yalipopigiliwa, wazee walikuja na vigoda vyao kukaa kuyatazama yanavyong'aa. Mzee Lukasi, jirani yetu, ambaye alikuwa bado chini ya nyasi, alitazama mpaka machozi yakamtoka.

“Sefania,” akasema, “kunguru wa hapa watapofuka.”

Baba aliichukulia hiyo kuwa ni sifa.

Fundi alikuwa Swalehe, mtu wa Same, mwembamba, wa maneno machache. Alijenga kuta za tofali za kuchoma zilizonyooka kama mstari wa daftari. Lakini kati ya ukuta na paa aliacha mwanya wa shubiri moja kuzunguka nyumba nzima, na juu ya kila dirisha akaacha matundu manne, kila moja la kupita ngumi. Baba alizunguka nyumba mara tatu, mikono mgongoni.

“Fundi, nyumba hii haijaisha.”

“Imekwisha, Mzee.”

“Na haya matundu?”

“Ya hewa. Nyumba lazima ipumue.”

“Kwani ina pua?”

“Ndizo hizo unazozihesabu.”

“Sikiliza, Swalehe. Wewe umezoea kujengea watu wa Same na Bendera huko tambarare, wanaolala milango wazi kwa joto. Hapa ni mlimani. Ukungu wa hapa hauna adabu, unaingia bila hodi na hauondoki mpaka saa nne. Umechoka kazi, sasa unaniuzia mashimo!”

Waliosimama pale walicheka. Swalehe akafuta mwiko wake, akaufunga ndani ya gunia. “Nyumba ni yako, Mzee. Ukitaka kuziba, ziba. Ila ukishaziba usimwambie mtu kwamba nilijenga mimi.” Akateremka zake Same bila kugeuka.

Kesho yake baba akaita msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Mpare akiitwa hana pa kujificha. Watu wakaja na majembe na madebe. Wanawake wakakanda udongo na samadi, wanaume wakapanda ngazi wakaziba mwanya wote, wakashindilia matundu kwa majani ya migomba na tope, na madirisha ya upande unakotokea ukungu yakapigiliwa misumari moja kwa moja. Mimi mwenyewe, Aminiel, niliyemaliza darasa la kumi na kurudi nyumbani kungoja nafasi ya ukarani, nilikuwa juu ya ngazi nikisiliba kwa furaha. Shuleni tulifundishwa habari za mvuke kwa birika linalochemka na sahani ya baridi, na katika mtihani nilipata maksi tisa kwa kumi. Nadhani akili yote ilikuwa kwenye ile moja niliyoikosa.

Tukahamia. Tulikuwa watu wanane, pamoja na ndama ambaye baba hakumwamini alale nje kwa sababu ya chui. Mama alipika makande kama Mpare anavyopaswa kupika: chungu kinatengwa jikoni adhuhuri, kinatokota taratibu mpaka watu wachoke kungoja. Jiko lilikuwa chumba cha nyuma, ndani kwa ndani. Katika nyumba yetu ya zamani moshi na mvuke vilijipenyeza kwenye nyasi vikaenda zao. Katika nyumba mpya vilikuta kila njia imesilibwa.

Wiki ya kwanza likadondoka tone moja kwenye pua ya mama. Wiki ya pili tukawa tunalala na masufuria vifuani. Baba akapanda juu ya paa na debe la lami, akapaka kila msumari. Ikanyesha. Akapaka tena, na mara hii akapaka hata mahali pasipo na msumari. Bati lililokuwa liking'aa likawa na mabaka kama huyo chui aliyemwogopa, na mvua ikaendelea kama kawaida.

Mzee Lukasi hakuhitaji tena kwenda kilabuni kutafuta cha kuchekesha. Kila asubuhi alipita uani kwetu na jembe begani.

“Hodi! Humo ndani kumekucha au kumenyesha?”

“Pita zako, Lukasi.”

“Mahindi umeshapanda, Sefania? Usije ukachelewa msimu!”

Kuvu nayo ikaja. Koti la baba la kanisani, lililotundikwa ukutani, lilifanya mvi mgongo mzima. Nyuma ya vitanda ukuta ukawa mweusi wenye madoa, ukiugusa unabaki na utelezi mkononi. Viatu vyangu vya shule viliota ndevu kabla yangu. Nilitania juu ya kila kitu, maana mimi nikikosa la kufanya hutania, na nyumba nzima ilikuwa ikinicheka hata shingo zikiwa zimelowa.

Lakini nilikuwa na jambo moja ambalo halikuwa la mzaha, nalo ni Eliaichi.

Eliaichi alikuwa wa Msangeni, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yao. Tulikuwa tumeshakubaliana wenyewe kwa wenyewe, bado wazazi. Jumapili moja kwaya zetu zilipokutana, akanivuta pembeni.

“Shangazi Rogathe anakuja kwenu Jumamosi. Atalala.”

Nilijua habari za Shangazi Rogathe. Ndiye aliyewalea akina Eliaichi, na wachumba wawili wa kabla yangu walirudishwa kwa neno lake.

“Aje,” nikasema. “Ataona bati.”

“Shangazi hatazami bati. Yeye huvuta kitanda, akaweka kiganja chake ukutani kwa nyuma.”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Aminiel, kifua changu unakijua. Nilipokwenda kukaa kwa mjomba, nyumba yao ilikuwa na unyevu. Mwezi haukuisha nikarudishwa kwenye machela, sipati pumzi. Shangazi ndiye aliyeshika upande wa kichwani njia nzima. Nyumba ikiwa mbichi hatakubali, na mimi siwezi kumlaumu. Kwenu kukoje?”

“Kwetu?” nikasema. “Kukavu kama koo la mwinjilisti saa saba mchana.”

Akaangua kicheko. Nilifurahi sana kumchekesha, na nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kurudi nyumbani ndipo nikagundua kwamba nimemdanganya.

Nilimweleza baba kwamba Shangazi anakuja. Sikumweleza habari ya kifua, maana ningelazimika kueleza nami nilijibu nini. Baba aliwaza kama jemadari. Kisha akaleta jora la kitambaa cha marekani, akamwambia mama alishone vipande vipande, tukalitandaza chini ya mabati chumba hadi chumba, tukalipigilia kwenye boriti. Tukapata dari nyeupe kama ya mzungu. Mwanya tuliouziba ukapotea kabisa machoni.

“Baba Aminiel,” mama akasema, akiwa ameshika kiuno, “maji hayaogopi nguo.”

“Najua hayaogopi. Lakini yatachelewa. Sisi tunataka siku moja tu.”

Jumamosi jioni Shangazi Rogathe akafika, amefunga kitambaa cheupe kichwani, mfupi, mkoba mkononi, na kikohozi kidogo kama cha mkaguzi wa shule.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Wewe ndiye mcheshi?”

“Ndivyo wanavyosema.”

“Tutaona.”

Kwa heshima yake makande yalikuwa yametokota tangu asubuhi, vyungu viwili. Majirani wakaja kumwamkia mgeni, na kwa kuwa ukungu ulikuwa umeshashuka, mlango ukafungwa. Tulikuwa watu kumi na saba na ndama. Tukala, tukaimba wimbo wa beti sita, tukasali, na Mzee Lukasi, ambaye hakualikwa, alisali kwa kirefu kuliko wote. Kulikuwa na joto zuri sana. Baba aliniangalia akatabasamu: dari halijatoa hata tone.

Alfajiri nikaamshwa na ukelele.

“Nani amenimwagia chai?”

Tulikimbilia chumba cha mgeni na taa. Usiku kucha maji yalikuwa yakidondoka kwenye kitambaa, yakichukua masizi ya jiko na vumbi, yakakusanyika katikati mpaka dari likafanya tumbo. Kisha tumbo likaanza kuvuja, juu kabisa ya mto wa Shangazi Rogathe. Alikuwa ameketi kitandani, kitambaa chake cheupe kimejaa matone ya rangi ya kahawa, na tone jingine likining'inia kwenye ncha ya pua.

“Ni umande tu, dada,” baba akasema.

“Umande? Kitandani?”

“Huku kwetu… huwa unashuka chini sana.”

Shangazi alishuka, akavuta kitanda. Akaweka kiganja ukutani, akakiangalia kwenye taa. Kilikuwa cheusi. Akaenda mlangoni, akafungua, akatazama uwanja.

“Nje kumenyesha?”

“Hapana,” mama akasema.

“Basi haya maji yametoka wapi?”

“Ni yule fundi!” baba akadakia. “Mtu wa Same yule, aliniharibia. Amepigilia misumari vibaya, bati limetoboka.”

“Bati likitoboka linapitisha maji ya mvua, Mzee Sefania. Mvua haikunyesha.”

Ndama akakohoa. Mwingine hakuna aliyethubutu.

Shangazi akanigeukia. “Aminiel. Nimesikia wewe ni bingwa wa mizaha. Sasa nitakuuliza, na unijibu bila mzaha. Nyumba hii huwa inafanya hivi?”

Baba alinitazama kwa jicho ambalo kila mtoto analijua. Nami nilikuwa na mzaha tayari, tena mzuri, wa Nuhu na safina yake. Ulikuwa umeshafika ulimini. Nikamwona Eliaichi kwenye machela, na huyu mama mfupi kashika upande wa kichwani.

“Ndiyo, Shangazi,” nikasema. “Kila asubuhi, tangu tuhamie. Hili dari tumelitundika juzi ili usione. Na Eliaichi aliponiuliza nilimwambia kwetu kukavu kama koo la mwinjilisti.”

Mama akafunga macho.

Shangazi Rogathe akachukua taa, akaenda jikoni, sisi nyuma yake kama waombolezaji. Chungu kimoja cha makande kilikuwa kimebakizwa juu ya mafiga, na makaa yalikuwa bado hai. Akakamata mfuniko, akauinua, akauinamisha. Upande wa ndani ulikuwa umejaa matone. Yakateleza, yakamwagika sakafuni, cho-cho-cho.

“Mfuniko huu umetoboka?” akauliza.

“Hapana,” baba akasema.

“Na maji haya yametoka wapi?”

Baba akatazama mfuniko. Akatazama bati. Akatazama tena mfuniko.

“Mmejenga chungu,” Shangazi akasema, “mkakifunika kwa bati la baridi, mkaingia ndani. Jana jioni tulikuwa makande kumi na saba. Nashangaa hatukuiva.”

“Nilisema!” mama akalipuka.

“Ulisema lini?”

“Nilisema nyumba inanuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Ukaniambia ndiyo harufu ya upya!”

Nikaenda kuchukua mchi wa kinu. Baba akaona ninakoelekea, akajitanda mlangoni.

“Leo Jumapili. Nyumbani mwangu Jumapili haifanywi kazi.”

“Mzee Sefania,” Shangazi akasema kwa upole, “ng'ombe wako akitumbukia kisimani Jumapili, utamwacha mpaka Jumatatu?”

“Nitamtoa.”

“Basi mimi nimetumbukia kisimani nikiwa kitandani kwako. Mpishe kijana.”

Akanipisha. Nikaweka ngazi kwa nje, kwenye ukuta wa jikoni, nikaushindilia mchi kwenye tundu la kwanza. Tope lilikuwa limekauka nje, kwa ndani bichi kama siku lilipokandwa. Kwa pigo la tatu likaporomokea ndani kwa kishindo. Mara ikatoka pumzi nyeupe, nene, ndefu, ikapanda kwenye baridi ya asubuhi ikichanganyika na ukungu. Ikatoka na kutoka, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi miezi mitatu.

Baba alisimama chini akiitazama. Niliona shingo yake ikilegea.

“Na lile la pili,” akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Nilikuwa kwenye tundu la nne Mzee Lukasi alipotokea na koti lake la kanisani.

“Sefania! Leo ni kubomoa?”

“Tunazibua,” Shangazi akamjibu. “Na wewe ni mmoja wa walioziba, maana alama za vidole hapa ni pana kama za kwako. Vua koti.”

Alivua. Tulipokwenda ibadani tulikuwa tumechelewa, tuna tope mpaka masikioni, na mwanya wote wa upande wa jikoni ulikuwa wazi.

Shangazi alilala siku ya pili. Dari la marekani lilikuwa limeshashushwa, ndama amepelekwa kwenye banda la Mzee Lukasi, na makande yalipikiwa uani. Baba alilala na koti, kofia na soksi mbili, akiguna kila upepo ulipopita. Jumatatu asubuhi Shangazi akavuta kitanda, akaweka kiganja.

“Bado mbichi,” akasema. “Lakini haulii.”

“Kwa hiyo, Shangazi?” nikauliza.

“Kwa hiyo hakuna kwa hiyo. Ukuta uliolowa miezi mitatu haukauki kwa siku moja, na kijana aliyedanganya naye hukaukia taratibu. Eliaichi nitamwambia mwenyewe, yote, na lile la koo la mwinjilisti pia. Nitarudi katikati ya baridi. Sitasema siku.”

Akashika mkoba wake akaondoka.

Wiki hiyo hiyo baba aliteremka Same mwenyewe. Hakutaka mtu wa kumsindikiza, na walizungumza nini yeye na Swalehe sijui mpaka leo. Nilichoona ni kwamba walipanda pamoja, na gunia la mwiko alikuwa amelibeba baba. Swalehe alizibua mwanya wote. Kwenye matundu ya upande wa ukungu akaweka vibao vilivyoinama kuelekea nje, hewa itoke lakini ukungu ujikwae. Aliyafungua madirisha, akayatia bawaba, akajenga jiko mbali na nyumba. Vitanda akavisogeza kiganja kimoja kutoka ukutani.

“Na kila asubuhi mfungue pande zote mbili,” akamwambia mama, “hewa iingie huku itokee kule. Muda mfupi tu unatosha, hata kukiwa na baridi.”

“Hasa kukiwa na baridi,” baba akamsahihisha, kama kwamba yeye ndiye aliyebuni.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusugua ule weusi nyuma ya vitanda kwa majivu na maji ya moto, kisha kupaka chokaa. Nilisugua bila kutania. Mama alidhani naumwa. Kwa Eliaichi niliandika barua tatu za kuomba radhi, zote zikarudi na jibu moja, lililoandikwa nyuma ya barua ya tatu: “Ngoja baridi.”

Baridi ikaja. Mwezi wa saba, siku ambayo ukungu ulikuwa mzito mtu asione kidole chake, tukasikia hodi. Alikuwa Shangazi Rogathe, na nyuma yake, amejifunga kanga mbili, Eliaichi.

“Shikamooni,” akasema kwa wazazi wangu. Kwangu hakusema kitu.

Walilala. Asubuhi nilikuwa uani tangu kabla ya jua, nikichanja kuni ambazo zilikuwa zimeshachanjwa. Mama aliponiita niingie, nilimkuta Eliaichi amevuta kitanda, kiganja kiko ukutani. Hakukiangalia kwa taa kama shangazi yake. Alikipeleka usoni, akanusa, akavuta pumzi ndefu mpaka mwisho, akaiachia. Tukasikia ilivyotoka, safi, bila mluzi.

“Umelalaje, mwanangu?” mama akauliza.

“Nimelala.”

“Umekohoa?”

“Mzee Sefania ndiye aliyekohoa,” Eliaichi akasema. “Mimi nilikuwa namsikiliza.”

Kisha akaenda dirishani, akalisukuma, akalifungua wazi. Ukungu ukaingia kama ulivyo, bila adabu. Baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anashika kikombe chake cha uji, akaruka.

“Funga, funga! Tutakufa!”

Eliaichi hakufunga. Akageuka, akamtazama. Tangu afike jana alikuwa akimwita Mzee Sefania, kwa heshima, kama unavyomwita mtu wa kanisa la jirani.

“Dakika kumi tu, Baba,” akasema.

Kikombe kikasimama njiani. Baba akamtazama Shangazi Rogathe. Shangazi akainamia mkoba wake, akawa anatafuta kitu ambacho nina hakika hakikuwemo.

“Wazee wenu waje Msangeni wiki ijayo,” akasema akiwa bado ameinama. “Waje mapema, safari ya kurudi ni ndefu.”

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Sikupata. Eliaichi aliona ninavyohangaika, na ndipo alipoanza kunicheka, taratibu, kisha kwa sauti, mgongo ukiwa umeegemea dirisha lililo wazi.

Baba alijifunika blanketi mpaka masikioni, akatoa saa yake ya mfukoni, akaiweka mezani mbele yake. “Haya, kumi,” akasema. Ilipofika ya nne akauliza kama kuna mtu mwingine anayeona kwamba hii saa imesimama.